Mama Hawezi Kuzungumza na Mkwe Anayemtibu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kuamua jambo ambalo nyumbani kwetu limeachwa mikononi mwangu, nami naona limenizidi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, tunaishi Tuwan hapa Kitale, na Mama huuza mboga za kienyeji sokoni, au niseme alikuwa akiuza, kwa sababu tangu mwaka jana ameshikwa na uchovu usioisha hata akilala mchana kutwa, anaamka amechoka kuliko alivyolala, anaanza kuchambua mboga ya murere halafu anaacha majani mapajani na kutazama ukuta, kwaya ya kanisa ameiacha, na juzi tukipika aliniambia, "Nikilala nisiamke, wewe tayari unajua kusonga ugali wa baba yako," nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Dada yangu Phelista ameolewa Bungoma, upande wa Mabanga, na mumewe, shemeji Eliakim, hutibu kwa homeopathia, ile tiba ya vidonge vidogo vyeupe vyenye utamu. Shemeji anafuata njia ya dawa moja. Anasema hatibu uchovu peke yake wala huzuni peke yake, ni lazima kwanza amjue mgonjwa kabisa, tabia yake, hofu zake, ndoto zake, hata chakula anachopenda, ndipo achague kidonge kimoja kinachomfaa yeye na si mwingine. Likizo iliyopita tulikwenda kwake. Lakini kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawapeani mkono, kwa hiyo Mama alikaa verandani akaupa mlango mgongo, shemeji akakaa ndani, na mimi nikasimama mlangoni nikipeleka maswali na kurudisha majibu.

"Muulize Mama hulala upande gani," shemeji akasema.

Mama akashika kichwa. "Wee! Ati nalala upande gani? Huyo si ni mtoto wangu? Anataka nini na kitanda changu?"

Phelista akaangua kicheko huko jikoni. "Jibu tu, Mama, ni kazi yake!"

"Basi mwambie mkwe nalala vizuri, na huko kwetu mvua imenyesha."

Ikawa hivyo mpaka mwisho, Mama halalamiki, Mama anashukuru, Mama hana hofu yoyote. Shemeji alipouliza kama yeye hulia mbele ya watu au akiwa peke yake, Mama aliivuta leso yake mabegani, akaniambia polepole, "Hiyo usimpelekee." Nikarudi ndani nikasema Mama halii. Shemeji akachagua kidonge cha mtu mtulivu aliyetosheka na maisha, na Mama amekitumia bila kubadilika hata kidogo.

Hapa Kitale kuna Bi. Wakonyo, naye anatoa tiba hiyohiyo ila kwa njia nyingine. Haulizi mengi. Anatoa chupa ya uchovu, chupa ya usingizi na chupa ya huzuni, na zote zinatumiwa pamoja. Nilipomweleza njia ya shemeji alisema, "Hayo ya kuuliza ndoto ni ya watu wenye nafasi, mama. Mimi nagusa panapouma." Alisema pia kwamba vipimo vya damu ambavyo Mama aliandikiwa hospitalini vinaweza kungoja mpaka chupa ziishe.

Baba ni askari jela Lodwar, na nilipompigia simu alisema, "Wewe ndiye unasoma sayansi. Chagua, mimi nitakubali." Sasa nichague njia gani, ya dawa moja au ya chupa nyingi? Na ikiwa ni ya shemeji, je, nimwambie yale ambayo Mama alinikataza? Mimi bado ninatumaini kwamba iko njia iliyo sahihi, ila sijaijua.

Nasike, Tuwan

MAMA CHEPKOSGEI ANAJIBU

Nasike, umeandika vizuri, na jambo kubwa kuliko yote umelipitisha haraka. Mama yako alisema huenda akalala asiamke. Mimi naanzia hapo.

Asubuhi ya kesho usiingojee. Ukimaliza kusoma haya mpigie Phelista, umwambie maneno hayo jinsi yalivyosemwa, bila kuyapunguza makali. Mwambie aje Kitale akae nanyi, maana mama yenu asiachwe peke yake kwa sasa. Dawa ya panya na ile ya kunyunyizia mboga, mtu mzima aziondoe nyumbani. Kisha mmoja wenu amuulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humwondolea upweke wa kulibeba. Akisema ndiyo, au akirudia yale maneno, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa swali lako. Umeniuliza uchague njia ipi kati ya mbili, nami sichagui yoyote. Utafiti uliofanywa kwa uangalifu haujaonyesha kwamba vidonge hivyo, kimoja au chupa tatu, vinaponya kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake. Najua shemeji yako ana nia njema, na yale maswali yake yana faida moja kubwa, kwamba mtu anakaa na kumsikiliza mgonjwa. Lakini mama yako hakusikilizwa. Mlimkalisha verandani na mkwe wake nyuma ya ukuta, nanyi mkategemea afungue moyo. Phelista ndiye wa kulaumiwa hapo, si wewe. Yeye ameolewa, mila anaijua.

Bi. Wakonyo naye nimemkasirikia. Vipimo vya damu havingoji chupa ya mtu yeyote. Uchovu wa namna hiyo unaweza kutoka kwa upungufu wa damu, au sukari, au tezi ya shingoni, na unaweza kuwa sonona yenyewe, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ambayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Mama akipenda kuendelea na vidonge vitamu, sitagombana naye, mradi amwambie daktari na asiache alichoandikiwa kwa ajili yavyo.

Baba yako nina neno naye. Bwana askari, kusoma sayansi kidato cha tatu si udaktari. Omba ruhusa kazini uje nyumbani. Huyu ni mkeo, na huyu mwandishi ni mtoto.

Na wewe, Nasike, acha kuwaza kwamba ulikosea pale mlangoni. Uliachiwa mzigo wa watu wazima, ukaubeba kwa adabu. Siri ya Mama usimpe shemeji, umefanya vyema kuitunza. Phelista atafute hospitalini muuguzi au daktari mwanamke asiye na undugu nanyi, Mama aketi mbele yake uso kwa uso, nawe ukae nje kwenye benchi na vitabu vyako. Kabla hajaingia, mkumbushe swali lile la kulia alilolikwepa. Alikuambia usimpelekee mkwe. Hakusema hataki kumwambia mtu yeyote.