Msalaba Utasubiri, Baba: Nyota Wanakwenda Chala

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipovua koti lako jeusi la sufu, Baba, ukalitundika nyuma ya mlango, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chai. Chai ilipoa. Koti bado lipo pale, na Mama hataki mtu aliguse.

Baltazari Sichone, fundi cherehani wa Malangali, ulishona sare za shule, magauni ya kipaimara, na namba za mgongoni za Nyota ya Malangali, timu uliyoitumikia kama katibu tangu mwanao Valeria hajazaliwa. Jezi zikipungua uliigeuza sita ikawa tisa, ukajiona mjanja kuliko wote. Ulikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa waamuzi.

Kila Jumatatu ulikwenda ofisi ya chama cha mpira kuuliza ratiba, kisha ukaiandika kwa chaki kwenye ubao wa barazani kwa rafiki yako Huseni, mwenye duka. Hapo ndipo mashabiki walipokaa kwenye benchi kuisema ratiba mpaka maharage yakaungua majumbani. Kwa nini sisi tu tunapangiwa ugenini mvua ikinyesha? Nani kaihamisha mechi ya Mpui? Wewe uliwaacha wafoke, halafu ukawaambia, "Twendeni kwenye vikao, jamani. Asiyekuwepo na lake halipo."

Tulikuzika siku ileile Nyota walipotakiwa kucheza Chala. Vijana walikubeba wakiwa wamevaa jezi ulizozishona, na Malangali nzima ililia. Kila mmoja alidhani mwenzake amekipelekea chama taarifa ya msiba. Hakuna aliyekwenda. Kazi hiyo ilikuwa yako, Baba, na miaka yote hakuna aliyewahi kukuuliza inafanywaje. Wenyeji walisubiri uwanjani, wakapewa ushindi wa mezani. Kanuni inasema timu isiyofika mara ya pili inafutwa kwenye ligi ya mkoa.

Sasa sikia mambo. Ratiba imepanguliwa na kupangwa, ikapanguliwa tena, mwisho imeangukia palepale. Nyota wanakwenda Chala Jumamosi hii, siku yako, siku tuliyopanga kukusimikia msalaba wa saruji. Huseni alikwenda kuomba mechi isogezwe. Wakamjibu kwamba msiba wa mwaka jana si dharura ya mwaka huu. Alirudi amenuna, hakufungua duka mpaka alasiri.

Jastin, nahodha, alikuja nyumbani kumpa Mama habari, uso umemchangamka kama mtu aliyeleta zawadi.

"Shikamoo, mama. Tumekubaliana. Jumamosi hatukanyagi uwanja. Ni siku ya Mzee, sisi ndio tutabeba msalaba."

Mama aliitikia marahaba, akamshukuru, akamkaribisha chai. Alipoondoka, Mama alikaa jikoni bila kuwasha moto. Unamjua mke wako Adela. Akinyamaza hivyo, nyumba nzima hunyata. Moyo ulimuuma pande mbili. Alitaka uheshimiwe, tena sana, kwa maana mwaka mzima ameogopa usije ukasahaulika. Lakini aliona wazi kwamba heshima hii ndiyo itakayoizika timu yako, na atakayetajwa kuwa chanzo ni wewe.

Kesho yake alijifunga kitenge, akaenda barazani kwa Huseni. Wanawake hawakai kwenye benchi lile. Yeye alikaa, tena mahali pako, na mabishano yakakatika.

"Karibu, shemeji," Huseni alisema. "Kuna tatizo?"

"Tatizo ni nyinyi. Mlikosa mechi mara moja kwa ajili ya mume wangu. Sikuwalaumu, hata mimi sikukumbuka. Mkikosa tena, watu watasema marehemu ndiye aliyeiua Nyota. Mnataka nilibebe hilo?"

"Lakini mama, ni heshima," Jastin alisema. "Tukicheza siku yake, watu watatuonaje?"

"Watawaona mnacheza. Yeye alitaka nini kingine?"

"Na msalaba je? Nani ataubeba?"

"Msalaba hauna ratiba, mwanangu. Utasubiri Jumapili."

Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba mjane kaharakisha kusahau, na Mama alimsikia. Njiani, Baba, alilia waziwazi, watu wakimwangalia. Jastin alikuwa akifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Mpaka tunaandika haya hajasema ndiyo wala hapana, na wachezaji humfuata yeye.

Kwa hiyo tunakwambia, na wanaosoma wasikie. Jumamosi utaombewa kwenye misa ya kwanza. Ikiisha, lori la Huseni litatoka barazani kwake kwenda Chala. Mama atapanda, amelivaa koti lako, kwa mara ya kwanza limetoka nyuma ya mlango. Anaogopa, hatukufichi. Anaogopa kufika huko na lori lenye wazee, vigelegele na wachezaji wanne. Mwenye kukupenda tusimwone kaburini siku hiyo. Tumwone kwenye lori.

Unakumbukwa na mkeo Adela. Wanao Valeria na Christopha. Mdogo wako Flavian wa Mpui. Wajukuu zako, ambao bado wanagombania tepu yako ya kupimia. Na Huseni na familia yake, ambao kwako walikuwa ndugu.

Jambo moja tulitaka ulijue kabla hatujamaliza. Jumatatu iliyopita Mama alikwenda mwenyewe ofisi ya chama. Hakuwa na uhakika wa mchezaji hata mmoja, lakini alisimama mlangoni pale ulipozoea kusimama, akawaambia Nyota ya Malangali wanakuja.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na safari hii, taarifa imefika.