Halbadiri ya Kilburn

Kilburn, London
14 Septemba 1979

Kwa dada yangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Mombasa, na kwamba goti lako limepoa tokea ulipoacha kupanda zile ngazi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Raya anakua, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, mpaka nimechoka kumgombeza. Mume wangu Zahran anakusalimu sana, ingawa mimi mwenyewe leo siku ya tatu hanisemeshi. Sababu utaiona humu humu.

Barua yako nimeipata, na makaripio yake nimeyapata pia. Umeniuliza kama ni kweli nimemsomea Muhsin Halbadiri kwa ajili ya mbio za farasi, na kama nimesahau kuwa dua ile ya kuwaita Ahlul Badri haichezewi, humrudia msomaji asiye na haki. Sijasahau, dada. Kaa kitako nikueleze, maana hao waliokuletea khabari wamekuletea nusu.

Farasi wenyewe si wale wa kupandwa mgongoni. Hawa hufungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, mwendeshaji akakaa nyuma kashika hatamu, na sharti farasi aende telki, ule mwendo wa haraka usiofika mbio, mwanzo mpaka mwisho, kama punda wa shamba anayejua anarudi kwao. Akipiga shoti akatimka mbio, mwendeshaji amrudishe kwenye telki papo hapo, asipoweza, ametoka. Kombe la Mataifa lilianza mwaka wa sitini na sita, nchi tano tu, na kila mwaka linahamia nchi nyengine. Wafaransa walitamba mwanzo, wakaja Waswidi, wakaja Wamarekani na farasi wao wanaosafirishwa kwa ndege kama mawaziri. Mwaka wa sabini na moja likafika London, na mwendeshaji wa kwanza wa Uingereza alikuwa Zahran wangu.

Unakumbuka tulivyofika hapa baada ya mapinduzi, hatuna mbele wala nyuma. Alianza kwa kufagia vinyesi kwenye soko la farasi la Southall, na mikono yake ndiyo iliyomtoa. Muhsin alipokuja kutoka Unguja, Zahran ndiye aliyemtia kazini, akamfundisha kushika hatamu, akamleta kwangu kula. Miaka mitatu mtu yule anakula pilau yangu, na ukoko namwekea yeye!

Siku ya mashindano mvua ilimwagika. Zahran kaingia wa kwanza, na Muhsin, mwendeshaji wa pili wa Uingereza, nyuma yake. Wasimamizi wa kuangalia miguu ya farasi walisema kona ya mwisho hawakuiona, basi kamati ikamwuliza aliyekuwa nyuma. Muhsin, uso mkavu, akasema farasi wa Zahran alipiga shoti kona nzima na Zahran alimchapa makusudi azidi. Uongo mtupu! Wakamwamini kwa sababu alikuwa rafiki yake. Nani angedhani rafiki atamzulia mwenzake? Zahran akanyang'anywa kombe, akafungiwa maisha. Kombe akapewa Muhsin, na jina lake likaandikwa kwenye ubao wa washindi, ambao ndio historia nzima ya mashindano yale. Mume wangu tokea siku hiyo anaosha mabasi, na akimwona farasi kwenye televisheni anatoka chumbani. Mimi nimekaa na jambo hilo rohoni miaka minane. Sikusamehe hata siku moja, na sioni haya kukwambia.

Mwaka huu Kombe limerudi London, na mwendeshaji wa kwanza wa Uingereza ni nani? Muhsin. Alikuja mpaka msikitini kutuomba dua sote. Roho ilinituna nikahisi nitapasuka.

Kesho yake nikenda Kingsbury, dukani kwa Kokila, yule aliyekuwa na duka la vitambaa Darajani. Duka limejaa watu. Nikanunua ubani, nikanunua udi, kisha nikamwuliza kwa sauti ya kusikika kama anajua wapi London mtu anaweza kupata mbuzi mweusi mzima. Kokila akauliza wa nini. Nikamwambia mambo ya Ahlul Badri hayasemwi dukani, nikaaga. Jina sikutaja. Lakini Kokila unamjua, na ugomvi wetu na Muhsin nani hapa haujui? Sijafika nyumbani khabari imeshafika kwa Muhsin.

Basi ikawa kila linalompata ni Halbadiri. Akiumwa tumbo, Halbadiri. Gari likikataa kuwaka, Halbadiri. Mkewe alikuwa akisimulia mwenyewe kuwa usiku halali na chakula hali.

Siku ya mbio nilivaa buibui langu, nikachukua tasbihi, nikasimama mbele kabisa kwenye uzio. Mzunguko wa mwanzo alikuwa anaongoza. Alipopita mbele yangu akaniona, midomo yangu inakwenda, tasbihi inakwenda. Akazivuta hatamu kwa nguvu, na farasi, masikini, akashtuka akapiga shoti. Akajaribu kumrudisha, wapi! Farasi alikimbia kama kaona simba. Kengele ikapigwa, Muhsin akatolewa mbele ya mataifa yote, kwa kosa lile lile alilomzulia mume wangu. Ah, dada, ningekuwa na sauti ningepiga kigelegele.

Jumapili wakaja nyumbani, yeye na mkewe. Amekonda. Alipiga magoti kwenye zulia langu akaniomba nimfungue. Nikamwambia aende kwanza kwenye kamati akaseme kweli. Akenda, akasema yote. Mzee mmoja wa kamati akampigia simu Zahran, akamwomba radhi, na juzi wametuita tukaone: jina la Muhsin limefutwa ubaoni, la Zahran limeandikwa. Mume wangu alilia mbele za watu na hakujificha.

Sasa nikwambie ambalo Zahran peke yake analijua, tena nimemwambia juzi tu. Sikusoma kitu, dada. Mbuzi sikumnunua, shehe sikumwita, ubani ule nimefukizia nguo. Pale uzioni nilikuwa nikitaja vituo vya basi namba kumi na sita: Maida Vale, Edgware Road, Marble Arch, Hyde Park Corner, Victoria, kisha narudi. Ahlul Badri siwezi kuwatumia kwa hasira zangu, namwogopa Mungu. Muhsin nilimwachia hofu yake mwenyewe.

Na bado anayo. Anaamini dua ingali juu yake, maana nilimwambia kuwa kusema kweli kumepunguza tu, hakukuondoa. Zahran alitaka nimwambie Muhsin kweli papo hapo. Alisema jina lake limerudi, yatosha, na kwamba Muhsin alisema uongo na mimi nasema uongo, basi tofauti yetu nini. Nikamjibu tofauti ni kuwa yeye alianza. Hapo ndipo aliponinunia.

Muhsin amekata tiketi ya Mombasa, anatafuta shehe wa kumfungua, na najua atapita kwako akulilie. Nakuomba, kwa maziwa ya mama yetu, usimwambie. Mkaribishe, mpe chai, mpe pole. Akijua kweli atacheka, dada, na kicheko chake sitakiweza. Zahran aliniuliza, kabla hajanyamaza, nitamweka mtu hivi mpaka lini. Nikamwambia sisi tumekaa miaka minane, naye akae minane. Mwaka wa themanini na saba, Mungu akituweka hai, nitakwenda kwake na sahani ya haluwa nimwambie mwenyewe, tena kwa upole.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na goti usilipe kazi. Nijibu upesi, hata ukiwa umekasirika.

Mdogo wako akupendaye,
Jokha