Jenereta Ndani ya Korido

Baba yangu usiyeweza kujibu tena,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ile uliyokatia suruali za watu wa Kamina. Unakumbuka ulivyokuwa unashonea barazani, uso ukitazama barabara? Mama alitaka uingize cherehani ndani isije ikaibiwa. Ukamjibu, pini zikiwa mdomoni: "Apa bantu bote banaiona. Mwizi ataipitisha wapi?" Nilikuwa miguuni pako naokota vipande vya kitambaa, nikidhani wewe huogopi kitu.

Mimi si kama wewe. Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu wakiongea Kiluba na kuziandika kwa Kifaransa. Kompyuta ni ya wanaoniajiri, wako mbali, na tangu waliponikabidhi sina amani. Niliificha katika chumba cha nyuma, nikapigilia ubao dirishani, nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Shingo iliniuma, macho yakaniwasha, nikavumilia. Kosa langu kubwa ni jenereta. Kwa kuogopa wezi niliiwasha ndani, kwenye korido.

Ijumaa mchana mjukuu wako alilala karibu na mlango. Ndiye niliyempa jina lako, kwa hiyo ninamwita Baba, na hata kumgombeza naona aibu. Nilimwita mara tatu, hakuamka. Jirani yangu, mke wa askari, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni tu, akasema, "Mama, moshi iko mingi umu. Tosha mutoto inje." Tulimbeba hadi uani. Alitapika, kisha akalia, na mimi nikakaa chini kando yake.

Sasa ubao nimeung'oa. Meza iko dirishani, kiti kina mgongo, jenereta iko mwisho wa ua, imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Yote yako sawa, isipokuwa mimi. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, mkono wangu unafunga kompyuta kabla sijafikiri. Na mtoto akilala mchana siwezi kuandika hata mstari. Naenda kumwamsha, namwita kwa jina lako, mpaka amechoka nami: "Nilisha kuamuka, mama. Acha."

Siachi. Nisamehe, Baba. Nilikaribia kukuzika mara ya pili, kwa ajili ya kompyuta ya watu.

Pumzika huko uliko.

Binti yako, ambaye sasa ni mama yako