Siku Niliyomwita Mama Mkubwa "Mteja"

Jumanne, 16 Julai 1996. Utemini, Singida.

Asubuhi ya baridi kali na upepo wa kuwasha macho. Nilipofungua duka saa moja na nusu, vumbi lilikuwa limepenya chini ya mlango na kutanda juu ya kaunta niliyoifuta jana mara mbili. Nikaifuta mara ya tatu.

Leo nimefungua studio ya picha. Niliandike hilo kwanza, maana yanayofuata yananitia aibu.

Shirika la biashara la mkoa lilipofungwa, sisi makarani tulipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara. Hata waliokuwa wakinipangia foleni ya sukari sasa wana maduka yao, na wote wanauza sabuni ileile na kiberiti kilekile. Sikutaka kuwa duka la kumi na moja katika mtaa mmoja. Nikatafuta kampuni yenye jina, ikubali niwe tawi lake. Nilipata tatu: ya soda, ya magodoro na ya picha za rangi.

Nikachora jedwali kwenye daftari, faida kushoto, hasara kulia. Soda inataka gari. Godoro mtu akinunua leo humwoni tena mpaka amwoze mwanawe. Lakini kila mtu ana uso, na uso hubadilika kila mwaka.

Nilipompelekea Mama Mkubwa jedwali langu huko Mkiwa, hakulitazama. "Soda inaozesha meno," alisema, "na godoro linaleta uvivu. Picha haijamkosea mtu. Na ukifungua, wa kwanza kupigwa ni mimi. Asinitangulie mtu."

Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo yeye ndiye mama.

Basi, picha. Kampuni inakupa jina lake, kamera, rangi za kupaka ukutani, aproni ya njano na kitabu cha taratibu. Wewe unatoa chumba, ada na utii. Mikanda ya picha inakwenda kusafishwa Dodoma kwa basi. Siku mbili za kwanza mkaguzi anakaa dukani kukutazama. Akiridhika, unapewa kibali cha kudumu. Asiporidhika, bango linashushwa na ada hairudi. Kiinua mgongo changu chote kimo katika ada hiyo.

Kitabu nimekisoma mpaka nakijua kwa moyo. Kinasema kila anayeingia asalimiwe kwa maneno yaleyale, bila kujali umri wala undugu: "Karibu mteja, tukuhudumie nini leo?" Usimame wima, utabasamu, na usitoke nyuma ya kaunta wakati kuna watu wanangoja. Wiki nzima nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mimi ni mtu wa utaratibu. Shuleni nilisifiwa kwa hilo kuliko kwa akili.

Mkaguzi anaitwa Bwana Fidelis, kijana wa tai kutoka Dar es Salaam. Alikaa pembeni na fomu yake.

Saa nne kasoro Mama Mkubwa akaingia. Alikuwa amepanda basi la kwanza. Amevaa kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na mkononi ameshika jogoo aliyefungwa miguu. Nyuma yake waliingia wasichana wawili wa chuo na baba mmoja mwenye mtoto. Mama Mkubwa akamweka jogoo chini, akajinyoosha, akasubiri.

Nilijua anasubiri nini. Tangu nijue kusema, sijawahi kumwona asubuhi bila kupiga goti na kumwamkia.

Nikamwona Bwana Fidelis akishika kalamu.

Nikasimama wima. Nikatabasamu. "Karibu mteja, tukuhudumie nini leo?"

Mama Mkubwa alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia.

"Samahani, mama muuzaji," akasema taratibu. "Nimekosea mlango. Nilikuwa natafuta duka la mtoto wangu Zuhura."

Akageuka, akatoka. Jogoo akamwacha palepale sakafuni.

Bwana Fidelis akaweka alama ya vema kwenye fomu.

Ninayoandika sasa ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu: sikumfuata. Watu walikuwa wanangoja, na kitabu kinasema usitoke. Niliwapiga picha wale wasichana, kisha yule baba na mwanawe. Mtoto alikataa kutazama kamera, nami nikambembeleza kwa sauti tamu kabisa, huku mama yangu anatembea peke yake kwenye upepo kwenda stendi.

Karibu nusu saa. Kwa ajili ya alama ya vema.

Duka lilipobaki tupu nilimwambia Bwana Fidelis natoka. Akasema muda wa kutoka ni saa saba. Nikamwambia najua, ukurasa wa kumi na nane. Nikakimbia na aproni yangu ya njano, mtaa mzima unaniangalia.

Nilimkuta ndani ya basi, kiti cha dirishani, injini tayari inanguruma. Nikapanda. Nikapiga goti kwenye njia katikati ya viti, juu ya maganda ya karanga.

"Shikamoo, mama."

Akatazama nje.

"Shikamoo, mama."

"Mama, itikia basi," akasema mzee mmoja wa kiti cha nyuma. "Sisi tunakwenda Manyoni, tutalala hapa?"

"Mwache apige magoti," mwanamke mwingine akadakia. "Sijui kafanya nini, lakini uso wake unasema kafanya."

Watu wakacheka. Utingo akauliza kama nami nalipa nauli au nimekuja kuuza aproni. Mimi nilikuwa nalia, na sikujali.

Mama Mkubwa akageuka. Akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo sitaliandika hapa, kisha mkono wake ukaja juu ya kichwa changu.

"Marahaba. Inuka, unachafua nguo ya watu."

Tulirudi kwa miguu, ameushika mkono wangu kama nilipokuwa mdogo. Dukani alimkuta Bwana Fidelis amesimama mlangoni, jogoo miguuni pake.

"Na wewe kijana," akamwambia, "kwenu ukifika, mama yako unamwita mteja?"

Bwana Fidelis aliona haya. "Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe unajua."

Nikampiga Mama Mkubwa picha akiwa amekaa, mikono magotini, hacheki. Nilimwambia acheke kidogo, akasema hajanisamehe kiasi hicho. Hapo sote watatu tukacheka, nami nikabonyeza. Bwana Fidelis naye alicheka, lakini baadaye aliketi akaandika mistari miwili mirefu kwenye fomu yake. Sikuuliza. Kesho saa mbili atarudi kumaliza ukaguzi.

Nimefikiri jioni yote. Nataka kibali, sitajidanganya. Nikikikosa sina kitu kingine, na sina umri wa kuanza tena. Kaunta nitaifuta, aproni nitaivaa, hesabu ya mikanda itakuwa sawasawa. Lakini kesho akiingia mtu mzima nitamwamkia kwanza, ndipo nimwite mteja. Bwana Fidelis akitaka kuandika, aandike. Nitamtajia mwenyewe ni ukurasa gani niliouvunja.

Mama Mkubwa amelala kitandani kwangu, amesema safari ya Mkiwa ataifanya akipenda. Sasa hivi amejisogeza ukutani, bila kuamka, kuniachia nafasi.

Saa tano na dakika ishirini usiku. Nalala.