Nyongeza ya Sukuma

Jumanne

Ati tungoje tena. Jioni nzima wagombea wawili wa uongozi wa chama tawala wamezozana redioni: mmoja anataka nyongeza ya mishahara ya watumishi wa serikali isimamishwe, mwenzake anasema itakuja akishinda yeye. Mimi ni muuguzi, na wote wawili wamenichosha.

Redio ilikuwa kwa Mama Otis, anayetuuzia mboga za sukuma hapa mtaani Shauri Moyo. Nikamwambia kama kawaida, "Niongezee kidogo."

Akacheka. "Sista, si hata wewe hujaongezewa?"

Nilitaka kucheka pia. Machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Akanijazia kikapu.

"Nyongeza yote hii?"

"Hiyo si nyongeza, sista. Hiyo ni pole."

Pole. Ndilo neno ninalowaambia wagonjwa tukiishiwa dawa.