Seli za Shavu Mchana wa Ramadhani

Jumanne, Nguvumali. Mvua ya asubuhi imekatika na kuacha fukuto. Sina hasira wala huzuni ya kusema; nina uchovu tu.

Leo kidato cha pili walikuwa na jaribio la seli. Nani huyo anayepanga kukwangua mashavu ndani ya Ramadhani? Mimi, mwalimu wao, mzaliwa wa hapa hapa Tanga. Makubwa!

Kitunguu hakikuleta shida. Wanafunzi walibandua ngozi yake nyembamba, wakaitia iodini, na kwenye hadubini seli zikaonekana zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake. Mmoja akauliza mbona ni mmea na hauna chanikiwiti, ile kijani inayotengeneza chakula. Nikamwambia kitunguu hukaa udongoni, jua hakilioni. Nikafurahi kwamba aliuliza.

Ilipofika zamu ya seli ya mnyama nikawagawia vijiti. Hakuna aliyefungua kinywa.

"Mwalimu, na swaumu je?"

Neema, Mlutheri pekee darasani, leo hakuja.

Basi nikakwangua shavu langu mwenyewe.

Niko hedhini, sifungi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikawaonyesha: seli hii haina ukuta, ina utando tu, ndiyo maana haina umbo la kueleweka. Lakini hawakuwa na habari na hadubini. Walikuwa wakinitazama tumbo. Mmoja wao ni Zaituni, binti wa wifi yangu.

Niko kwenye ndoa mwaka wa saba, sijapata mtoto. Juma lililopita nilitapika shuleni, kumbe ni samaki tu. Zaituni akaunga hili na lile, akaenda nalo kwao.

Nilipofika nyumbani simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Tongoni. Hata shikamoo yangu hakuingoja imalizike.

"Marahaba mwanangu, hongera! Alhamdulillahi! Usibebe ndoo, wasikia?"

Ningeweza kunyamaza, nikamwachia furaha yake siku mbili tatu. Nilitamani, wallahi. Nikamwambia si mimba, mama, ni siku zangu.

Nikangoja yale maneno ninayoyaogopa miaka yote hii, kwamba sasa mwanawe aoe wa pili.

"Umekula?" akaniuliza.

Sikuwa nimekula. Tangu asubuhi sikutia hata maji kinywani, nikiona haya walimu wenzangu wasije wakajua kwamba mwezi huu tena hakuna kitu. Nimeshinda na njaa isiyo na thawabu.

"Bado, mama."

"Basi kale, mwanangu. Usikate simu, nakungoja."

Nikapakua kiporo cha daku, nikala huku nalia, na yeye huko Tongoni ananisikiliza natafuna.

Kesho nabeba chupa yangu ya chai. Mlango wa ofisi nitaufunga, lakini nitakunywa.