Kengele ya Maternité

Mujukuu wangu Kambale,

Jambo sana kutoka kwa mukaka, bibi yako. Huku Butembo tuko muzima. Shangazi yako ameuza maharagi yote ku Kirumba.

Unauliza nani alikuwa anapanga courant, umeme ya turbine yetu ya maji kule mugini Vuhovi, mbele ya hizi compteur zenu za kupima kuingia. Ni sisi benyewe! Siku ya posho, Jumamosi, kila nyumba ilikuwa inapiga pasi nguo za misa, courant inapunguka, taa zinabakia nyekundu tu. Donc Mama Kavira, muzalishaji wetu, akatundika kengele ku maternité, nyumba ya kuzalia: ikilia, kila mutu anachomoa pasi.

Posho moja mvua ilileta giza, kengele ikalia. Mimi ndiye nilikuwa ninazaa. Taa ikawaka kweupe, pee! Kesho yake batu bote walikuja misa na nguo za mikunjo, lakini wanacheka, wanauliza jina ya mutoto.

Ni baba yako.